Karatasi iliyokunjwa yatosha kufunza grafu

Ni nyumba chache hapa Njiru zisizokuwa na kalenda ya mwaka uliokwisha, ambayo nyuma yake ni nyeupe isiyoandikwa lolote. Hata hivyo, mwanafunzi asiye na karatasi ya grafu mara nyingi huachwa kutazama tu wenzake wanapojifunza jira, yaani zile namba mbili zinazoonyesha mahali ilipo nukta. Hali hiyo haifai, wala haina sababu.

Ndugu mwalimu, kata kalenda hiyo iwe mraba. Ikunje katikati mara tatu mfululizo kwa upande mmoja, kisha uikunjue. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Utapata vyumba 64 vilivyo sawa. Mkunjo wa katikati uliolala ndio mhimili wa x, na uliosimama ndio mhimili wa y. Inapokatana, andika sufuri. Toka hapo hesabu mikunjo hadi ukingoni: kulia na juu ni 1 hadi 4, kushoto na chini ni -1 hadi -4.

Sasa mpe mwanafunzi mtaa wake. Sufuri na iwe Njiru. Mhimili uliolala uwe Barabara ya Kangundo: mashariki kuelekea Ruai ni chanya, magharibi kuelekea Umoja ni hasi. Mhimili uliosimama uelekee Mwiki kwa juu na Utawala kwa chini. Barabara halisi hupinda, lakini mfano huu watosha. Mwambie aweke kokoto penye (3, 2): hatua tatu upande wa Ruai, kisha mbili upande wa Mwiki. Halafu aweke nyingine penye (2, 3). Ataona mwenyewe kwamba mpangilio wa namba ukibadilika, mahali nako hubadilika. Aendaye Umoja naye hajapungukiwa na kitu. Ameshika njia ya upande mwingine tu. Hiyo ndiyo maana ya alama ya hasi, ambayo wengi huikariri bila kuielewa.

Mfumo huu umebeba jina la Mfaransa René Descartes, aliyechapisha kazi yake ya jiometri mwaka 1637. Lakini mtoto wa Njiru hana haja ya kuuona kama jambo la ugenini. Nairobi yenyewe hutajwa kwenye ramani ya dunia kwa namba mbili: takriban nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta na nyuzi 36.8 mashariki.

Kuna walimu watakaosema kwamba muda ni mfupi na darasa limejaa. Nakubali. Lakini kukunja karatasi huchukua dakika chache, na wanafunzi wawili au watatu waweza kutumia moja. Wengine watasema mtihani hudai grafu iliyochorwa barabara. Ni kweli, na karatasi ya grafu ina nafasi yake, ila ije baada ya mtoto kuelewa anachokichora.

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wazazi wengi wamelalamikia gharama ya vifaa. Kujifunza kwa vitendo hakupaswi kuwa kujifunza kwa kununua. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nami nawasihi walimu waanze kwa kuwapa watoto karatasi waikunje wenyewe.