Jengo Limekabidhiwa, Mwalimu Amehamishwa

Mtoto wa miaka minne au mitano aliyekimbia vita, aliyeona nyumba yao ikizolewa na mafuriko, au anayelala kila siku kwenye nyumba yenye vipigo, hasemi kwamba ana hofu. Hugoma kunywa uji. Humng'ata mwenzake. Huanza tena kujikojolea ilhali alishaacha, au hukaa kimya mno hadi mwalimu anamsifu kwa adabu. Andiko la mradi wa kumsaidia mtoto huyu kwa kawaida hueleza haya vizuri, kisha huahidi chumba kipya, kona ya utulivu yenye mkeka na midoli, mwalimu aliyefunzwa kutambua kiwewe, na njia ya kumfikisha kwa mshauri nasaha pale darasa linapoelemewa. Yote ndani ya miaka miwili au mitatu, kadiri fedha za mfadhili zinavyoruhusu.

Ugumu huanzia kwenye mipango. Nchini Tanzania kiwango kinachotakiwa katika darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na andiko hukadiria hivyo hivyo. Lakini tangu ada ilipoondolewa mwaka 2016, madarasa mengi ya umma yamepita kiwango hicho kwa mbali, na kona iliyopimwa kwa watoto 25 haitoshi hata kwa nusu ya waliopo. Kenya ina mzigo wa namna nyingine: Katiba ya 2010 iliweka elimu ya awali chini ya kaunti, wakati shule ya msingi iliyo ukuta kwa ukuta na chekechea ilibaki kwa serikali kuu. Kibali kimoja huweza kuzunguka ofisi mbili, na kalenda ya mradi haisubiri.

Ujenzi ndio unaoonekana, kwa hiyo ndio unaosukumwa. Masika yakikuta msingi umechimbwa, lori la saruji halifiki, na mafundi hurudi mashambani kwao. Boma likishafika kwenye lenta hukaa hapo likisubiri fedha za awamu inayofuata. Bei ya nondo na bati ikipanda, kitu hupunguzwa, na mara nyingi ni dari. Kwa mhasibu, dari ni pambo. Kwa mtoto aliyesikia milio ya risasi, mvua inayopiga bati tupu ni sababu ya kujificha chini ya meza. Sijui fundi gani angeweza kulijua hilo bila kuambiwa, na mwalimu wa chekechea haitwi sana kwenye kikao cha michoro.

Hata hivyo, jengo hukamilika kwa namna fulani. Kinachobaki kiporo ni kile kisichokuwa na tarehe ya makabidhiano. Semina ya siku chache humfundisha mwalimu majina ya dalili. Kumtuliza mtoto ni kazi ya miezi. Na kazi yenyewe ni ya mambo madogo: siku ianze kwa wimbo ule ule, ratiba isibadilike ghafla, mtoto aambiwe mapema kwamba baada ya mchezo watanawa mikono, na anayempokea mlangoni awe mtu yule yule. Mambo haya hayahitaji zabuni. Yanahitaji mtu anayebaki, na hapo ndipo hesabu hukwama. Mwalimu wa kujitolea huondoka posho ya mradi inapokoma. Aliyeajiriwa huhamishwa, pengine kwa sababu nzuri kabisa, na ujuzi wa semina huenda naye. Mtoto aliyeanza kumwamini mtu mzima mmoja humpoteza huyo naye.

Gharama zinapopanda, taarifa za utekelezaji hutaja saruji, mafuta na thamani ya dola. Ni kweli. Lakini mafunzo yanayorudiwa kila walimu wanapobadilika hula fedha kimyakimya, maana kila awamu ina ukumbi, nauli na posho zake. Mwalimu mlezi anayepita darasani mara moja kwa mwezi kumwongoza mwalimu hugharimu kidogo kwa safari moja, ila malipo yake hayana mwisho, na bajeti za miradi hupenda vitu vyenye mwisho.

Kuhusu huduma kuwafikia walengwa, taarifa huhesabu watoto walioandikishwa. Haiulizi kama miguu ya mtoto wa miaka minne inaweza kutembea umbali ule asubuhi na kurudi. Haiulizi kama bibi anayemlea ana nauli ya kumfikisha kwa mshauri aliyeko hospitali ya wilaya, wala kama mshauri huyo anaijua lugha anayoitumia mtoto anapolia. Mtoto anayezungumza Kirundi huko Kigoma, Tanzania, huweza kuwa na dawati, na bado asiwe na wa kumweleza usiku wake.

Miradi hii si ya kubezwa. Chumba safi chenye vyoo vya kimo cha mtoto ni afadhali kubwa kuliko kukaa chini ya mwembe. Ila wewe utakayeitwa kusaini hati ya makabidhiano, uliza kwanza kabla ya kushika kalamu: Januari ijayo, nani atasimama mlangoni asubuhi kuwapokea watoto hawa, na mshahara wake unatoka wapi?