Kisu Hakikati Hamu ya Kula



Wako wenzetu wanaokula kwa pupa, tena kwa siri, mpaka tumbo linauma, kisha wanaona aibu. Tusiwaite walafi. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilikubali kwamba huu ni ugonjwa kamili, ukimshika mtu angalau mara 1 kwa wiki kwa miezi 3.

Wengine wanachanga fedha wakapasuliwe ili wapunguze unene. Katika upasuaji mmoja unaofanywa sana, daktari huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula. Lakini kisu hakiondoi hamu. Mgonjwa akianza kudokoadokoa kutwa, unene hurudi. Kwa hiyo amweleze daktari ukweli kabla ya kupasuliwa, na baadaye asiache kwenda kliniki. Ale kidogo kwa saa maalumu, atafune polepole, asinywe maji wakati wa kula, na ameze vitamini alizoandikiwa.

Kushinda na njaa zamu nzima huchochea pupa usiku. Ndiyo maana sisi wa chama tunasema: saa ya chakula ni haki yetu. Tuidai pamoja.