Moyo unapopoteza mwendo wake

Baadhi ya wagonjwa tunaowahudumia hapa Sultan Hamud hulalamika kwamba moyo unaruka, unapapatika au unakimbia hata wakiwa wameketi kivulini. Wengine huamini kwamba wamerogwa. Mara nyingi hali hii si ya kutisha. Lakini wakati mwingine huwa ni dalili ya ugonjwa unaoweza kumpoozesha mtu ghafla.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Mapigo hayo huanzishwa na chembechembe maalum zilizo katika chumba cha juu cha kulia, ambazo hutoa umeme mdogo unaosambaa hadi vyumba vya chini. Umeme huo ukipata hitilafu, moyo huenda mbio mno, hupiga polepole mno, au hupoteza mpangilio kabisa.

Hofu, homa, upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo na pombe huweza kuubadilisha mwendo wa moyo. Miraa, ambayo baadhi ya madereva wa malori katika barabara ya Mombasa hutafuna ili wasisinzie, pia huongeza mapigo na shinikizo la damu.

Hatari ya damu kuganda

Hitilafu inayotutia wasiwasi zaidi ni ile ambayo vyumba vya juu hutetemeka badala ya kujikaza. Damu hutuama humo na kuganda. Bonge likichomoka, huweza kuziba mshipa wa ubongo na kuleta kiharusi.

Katika nchi tajiri, ugonjwa huu huwapata hasa wazee. Kwetu huwapata pia vijana, hasa wanawake, ambao vali za moyo wao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Homa hiyo hufuata maambukizi ya koo yaliyoletwa na bakteria na yasiyotibiwa. Kwa hivyo, mzazi, usipuuze koo la mtoto wako.

Uchunguzi na matibabu

Daktari husikiliza moyo, kisha hutumia mashine ya ECG inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi. Mashine hiyo ilimpatia Willem Einthoven wa Uholanzi Tuzo ya Nobel mwaka wa 1924. Kuna dawa za kupunguza kasi ya moyo, na kwa moyo unaopiga polepole mno, kifaa kidogo cha umeme huweza kupandikizwa chini ya ngozi ya kifua.

Ili kuzuia damu kuganda, wagonjwa wengi hupewa warfarini. Dawa hii ni ya bei nafuu lakini huhitaji damu kupimwa mara kwa mara, na nauli ya kwenda kupimwa huwafanya wengine waiache. Je, dawa mpya zisizohitaji vipimo hivyo zingefaa zaidi? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulijibu swali hilo. Kwa wenye vali zilizoharibiwa na baridi yabisi, waliotumia warfarini na dawa za jamii yake walifariki wachache kuliko waliotumia dawa mpya ya rivaroksabani. Wasio na ugonjwa huo wa vali huweza kunufaika na dawa mpya.

Ushauri

Ikiwa unatumia warfarini, usiiache wala usiibadilishe bila kumwona daktari. Sukuma wiki si mwiko, ila kula kiasi kilekile kila wiki. Usichanganye dawa hii na aspirini au mitishamba bila ushauri. Mama anayetarajia kupata mimba amweleze daktari mapema, kwani warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Jipime mwenyewe: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakiwa hayana mpangilio, nenda kliniki. Ukizimia, ukiumwa na kifua, ukikosa pumzi, au mdomo ukipinda na mkono kulegea, fika hospitalini mara moja. Usingoje kesho.