Mbuyu "dume" wa Ipagala

Ifikapo Novemba, Dodoma nzima hutazama mawingu. Mvua, ambayo hata mwaka mzuri ni haba, mara nyingi haishiki kasi mpaka Desemba. Mama mmoja wa Ipagala, muuza ubuyu, yeye hutazama matumba.

"Njoo magharibi, mwanangu. Mchana utaona nini?"

Tumba la mbuyu huning'inia kwenye kikonyo kirefu, kijani, la mviringo. Jua lilipozama moja likapasuka kichwani. Ganda likajikunja nyuma, petali nyeupe zenye makunyanzi zikafunguka huku tukiziona zikisogea, na katikati zikachanua nyuzi za chavua, nyingi kama brashi ya kunyolea ndevu. Harufu yake si ya kumpelekea mchumba, inakaribia uvundo. Popo wala matunda ndiyo wanayoifuata, na nondo wakubwa pia. Kesho yake ua limeshageuka kahawia. Likidondoka, mbuzi wanalila.

"Usiku mmoja tu," alisema mama. "Likikosa mgeni, basi."

Kisha akanionyesha mbuyu mwingine, uliobaki peke yake kwenye kiwanja cha jirani. "Ule kwa maua unaishinda yote. Matunda sasa! Hata debe hujazi. Ni dume."

Kila ua la mbuyu lina upande wa kiume na wa kike, kwa hiyo kitaalamu hakuna mbuyu dume. Utafiti uliochapishwa Afrika Kusini mwaka 2017 ulionyesha kwamba mbuyu haujichavushi wenyewe, na kwamba hata hiyo inayoitwa midume huweza kuzaa ikipakwa kwa mkono chavua ya mti mwingine. Nilipomsimulia, mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Nani sasa apande juu usiku na chavua kiganjani?"

Kicheko kilipokwisha akaanza kuhesabu mibuyu iliyokuwapo kabla viwanja havijapimwa, kabla serikali haijahamia. Je, chavua ya kuufikia ule wa jirani itoke wapi? Na popo bado wanakuja, pamoja na mataa yote haya?

Jirani anataka kuukata: hauzai, na mizizi inasogelea msingi. Mama amemwomba asubiri hadi Juni, matunda ya maua ya sasa yatakapokuwa yamekomaa.

"Na usipozaa?"

"Hapo sijajua nitamwambia nini."