Sampo ya giaboksi: Legeza upande mmoja kwanza

Pikapu nyingi za Chevrolet Silverado za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina giaboksi ya otomatiki aina ya 4L60-E, na sampo yake mara nyingi haina nati ya kumwagia oili. Hapo ndipo fundi wa nyumbani huoga oili nyekundu.

Weka gari juu ya stendi. Jeki peke yake huua. Subiri oili ipoe. Bolti ni 16: legeza za upande mmoja hadi sampo iiname, oili ishuke kwenye karai, ndipo utoe zilizobaki.

Kisha tazama sumaku iliyo ndani. Tope laini la kijivu ni kawaida. Ukikuta vipande vya chuma, giaboksi inakufa, na oili mpya haitaiponya.