Mabehewa ya Kamba ya Lisbon: Kitu, Jina na Maana

Katika somo la tafsiri na istilahi, swali ambalo wanafunzi hutuuliza kila mwaka ni hili: kitu kisichokuwapo katika nchi zetu tutakiitaje kwa Kiswahili? Katika makala haya tunakusudia kulijibu kwa mfano mmoja, nao ni vyombo vinavyopandisha watu vilimani katika jiji la Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, Lisbon, kama ilivyo Kampala yetu, husemwa kuwa limejengwa juu ya vilima saba; kwa hiyo taabu ya kupanda na kushuka msomaji wetu anaijua kwa miguu yake mwenyewe. Pili, tarehe 3 Septemba 2025 chombo kimojawapo kilipata ajali iliyoua watu 16. Mfasiri wa habari ile akikosea jina la chombo, msomaji wake hataelewa kwa nini watu wale walikufa.

Chimbuko la vyombo hivi

Mwishoni mwa karne ya 19, miji mingi ya vilima ilikuwa ikitafuta njia ya kuunganisha mitaa ya bondeni na mitaa ya juu, kwani farasi walishindwa kuvuta magari ya abiria katika miteremko mikali. Huko Valparaíso, nchini Chile, chombo cha kwanza cha aina hii kilianza kazi mwaka 1883. Nchini Ureno, mji wa Braga ulikuwa umetangulia mwaka 1882 kwa kujenga kile cha Bom Jesus, ambacho hadi leo huendeshwa kwa uzito wa maji.

Lisbon lilifuata upesi. Njia ya Lavra ilifunguliwa mwaka 1884, ya Glória mwaka 1885 na ya Bica mwaka 1892. Mwaka 1902 ikafunguliwa Santa Justa, ambayo ni mnara wa chuma wenye urefu wa mita 45, unaopandisha watu wima kutoka mitaa ya Baixa hadi karibu na uwanja wa Carmo. Zote nne zilibuniwa na mhandisi Raoul Mesnier du Ponsard, mzaliwa wa Porto, na mwaka 2002 zote zilitangazwa kuwa kumbukumbu za taifa.

Jinsi vinavyofanya kazi

Tuanze na Santa Justa, kwa kuwa hiyo haina ugumu. Ni lifti kama ile ya hospitali au ya jengo la ofisi, tofauti ni kwamba iko mtaani na kila mtu anaweza kuipanda kwa nauli.

Lavra, Glória na Bica ni vitu vingine kabisa. Kila njia ina mabehewa mawili yanayopita juu ya reli zilizolazwa kwenye mteremko. Mabehewa hayo yamefungwa kwenye ncha mbili za kamba moja ya chuma, na kamba hiyo inazunguka gurudumu lililoko juu ya kilima. Behewa moja likishuka, jingine hupanda, nayo hupishana katikati ya njia. Msomaji aliyewahi kuona ndoo mbili za kisimani zilizofungwa kwenye kamba moja ameshaelewa kanuni yenyewe: uzito wa kinachoshuka husaidia kukivuta kinachopanda.

Hapo mwanzo kazi hiyo ilifanywa kwa maji. Tangi la behewa la juu lilijazwa maji, likawa zito, likashuka. Lilipofika chini maji yakamwagwa. Baadaye mvuke ulitumika, na kufikia mwaka 1915 njia ya Glória ilikuwa inatumia umeme. Mota zimo ndani ya mabehewa yenyewe, na umeme unatoka kwenye nyaya za juu. Hata hivyo, mota hizo hazibebi uzito wote. Kazi yake ni kushinda msuguano na ile tofauti ya uzito iliyopo baina ya mabehewa mawili. Uzito wenyewe umeachiwa kamba.

Kuna jambo jingine la kupendeza kwa mwalimu anayependa kuchora ubaoni. Behewa la Glória lina sakafu iliyonyooka ingawa liko mteremkoni, kwa sababu sehemu yake ya chini imejengwa kama kabari. Behewa la Bica limegawanywa vyumba vitatu vilivyopangwa kama ngazi.

Ajali ya mwaka 2025

Jioni ya tarehe 3 Septemba 2025 mabehewa ya Glória yalikuwa yamesogea mita chache tu yalipoachana, kwa kuwa kamba ilikatika mahali ilipofungwa kwenye behewa la juu. Dereva alifunga breki, lakini behewa liliendelea kushuka kwa kasi iliyofikia takriban kilomita 60 kwa saa, likaacha reli penye kona na kugonga jengo. Mbali na watu 16 waliokufa, wengine zaidi ya 20 walijeruhiwa.

Ripoti za awali za wachunguzi wa Ureno zilieleza mambo matatu. Kwanza, njia ilikuwa imekaguliwa asubuhi ya siku hiyo hiyo, lakini mahali palipokatika hapaonekani kwa macho bila kufungua vyuma. Pili, kamba iliyokuwa ikitumika haikulingana na masharti yaliyowekwa, wala haikuwa na idhini ya kubebea abiria. Hata hivyo wachunguzi hawakusema kwamba hiyo peke yake ndiyo sababu ya ajali. Tatu, breki za behewa hazikuwa na uwezo wa kulisimamisha pasipo kamba. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Hapa pabovu palikuwa pamefichika.

Tuviiteje?

Sasa turudi kwenye swali letu. Wanafunzi wengi wakiona picha ya Glória huandika "treni" au "tramu". Majina hayo yanaeleza umbo, kwani kweli kuna behewa na reli. Lakini treni hutegemea injini na breki zake. Msomaji akiambiwa kuwa treni ilianguka kwa sababu ya kamba kukatika, atauliza, na ana haki ya kuuliza, treni na kamba wapi na wapi? Neno "lifti" nalo lina matatizo yake, ingawa Wareno wenyewe huviita vyombo vyote vinne kwa jina moja lenye maana ya kipandishio. Wao wametazama kazi ya chombo, hawakutazama umbo.

Lugha nyingi za Ulaya zimetazama kamba. Neno lao, ambalo kwa matamshi yetu lingekuwa "funikula", limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kamba ndogo. Tunaona njia hiyo ndiyo inayotufaa. Tunapendekeza "reli ya kamba" kwa njia yenyewe na "behewa la kamba" kwa chombo, na neno "lifti" tuliachie Santa Justa. Mtu asiyewahi kufika Ureno akisikia "behewa la kamba" ameshapewa nusu ya maelezo, tena ile nusu ambayo uhai wa abiria unaitegemea.

Na lile gurudumu la juu ya kilima? Hapo hatuna haja ya kuunda neno. Mabaharia wa pwani yetu wana "kapi" na "roda", maneno yanayotaja kigurudumu cha kupitishia kamba ya tanga. "Roda" limetoka katika Kireno, ambako maana yake ni gurudumu, likaingia Kiswahili pamoja na ndugu zake "meza", "bendera" na "leso". Mwalimu anayeeleza reli ya kamba ya Lisbon anaweza kulitumia bila wasiwasi, kwani Mreno naye atalitambua.

Tunawashauri walimu walijaribu zoezi hili darasani: wape wanafunzi picha ya chombo wasichokijua, waeleze kwanza kinavyofanya kazi, kisha ndipo wakipe jina. Wasomaji wenye mapendekezo mengine ya istilahi tunawakaribisha watuletee idarani, nasi tutayachapisha katika toleo lijalo.