Kisanduku cha Orodha na Utambulisho wa Maneno ya Kamusi

Kisanduku cha orodha ni sehemu ya dirisha la programu inayoonyesha vipengele kadhaa, kimoja kwa kila mstari, ili mtumiaji achague pasipo kuandika. Katika Visual Basic 6, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1998, mistari huhesabiwa kuanzia 0. ListIndex hutoa namba ya mstari uliochaguliwa, au -1 ikiwa hakuna uliochaguliwa.

Kamusi ya Kiswahili yadhihirisha tatizo lililopo. Maneno mtu, kitabu na jicho yakiingizwa kwa mfuatano huo katika kisanduku kinachopanga kialfabeti, huonekana jicho, kitabu, mtu. Programu inayodhani kwamba namba ya mstari ndiyo namba ya neno katika hifadhi itafungua maelezo ya mtu pale msomaji alipochagua jicho. Na amri ikiwa ya kufuta, litapotea neno lisilokusudiwa. Maandishi nayo hayatoshi kutambulisha, kwani paa mnyama na paa la nyumba huandikwa sawasawa.

Dawa yake ni ItemData, yaani namba kamili isiyoonekana ambayo kila kipengele huweza kuibeba. Mara neno linapoongezwa, NewIndex hueleza limewekwa mstari upi. Hapo namba yake ya hifadhi huandikwa katika ItemData ya mstari huo. Maneno mengine yakiingia, namba husogea pamoja na neno lake. Basi kabla ya kufuta, programu yapasa kuhakikisha kwamba ListIndex si -1, kisha ifuate ItemData.